Kisu Kikuukuu cha Randa Chaweza Kukata Chuma

Chini ya meza ya seremala mwenye mashini ya kurandia mbao, wasomaji wapenzi, hulala sanduku la vyuma vilivyochoka. Humo mna visu virefu vya mashini vilivyonolewa mara nyingi hata upana wao ukapungua, visishikike tena mahali pake. Mna pia patasi zilizovunjika na visu vya randa za mkono. Seremala havitaki, wala moyo haumpi kuvitupa. Na pengine jirani yake ni fundi wa kukereza chuma, anayehesabu fedha za kununua kisu kipya kitokacho ng’ambo. Je, kisu kilichochoka kwa mbao chaweza kukata chuma? Chaweza, lakini si kila kimoja. Naye anayechagua vibaya hupoteza kazi ya siku nzima, na asipojikinga, hata jicho.

Adui mkubwa wa kisu juu ya kerezo ni joto. Pua ya kawaida hupata ugumu wake kwa kaboni iliyomo na kwa matiko iliyotiwa. Ncha yake ikipita kiasi cha digrii 200, huanza kulegea; ikigeuka rangi ya buluu, makali yamekwisha kuharibika. Hiyo ndiyo pua ya patasi na ya visu vingi vya randa za mkono.

Mwaka 1868 Mwingereza Robert Mushet alichanganya tungisteni katika pua, akapata chuma kilichojitia ugumu hewani bila kuzamishwa majini. Baadaye, kati ya 1898 na 1900, Frederick Winslow Taylor na Maunsel White, wakifanya kazi katika kiwanda cha Bethlehem Steel huko Marekani, waliona kwamba pua ya jamii hiyo ikipashwa moto mkali mno, karibu na kuyeyuka, huwa na nguvu ya ajabu. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 watu walitazama kisu ambacho ncha yake ilikuwa nyekundu kwa moto, nacho kiliendelea kukata kana kwamba hakuna jambo! Hiyo ndiyo pua ya kasi. Aina yake moja mashuhuri ina tungisteni 18 kwa mia, kromi 4 na vanadi 1, nayo huhifadhi ugumu wake hata karibu digrii 600.

Basi, visu vingi vya mashini za kurandia vimefanywa kwa pua hiyo. Tazama kwanza kama vimepigwa chapa ya herufi HSS. Chapa ikiwa imefutika, gusisha pembe ya kisu kwenye jiwe la kunolea lizungukalo, utazame cheche. Pua ya kaboni hutoa cheche nyingi nyeupe zinazopasuka kama nyota. Pua ya kasi hutoa chache, nyekundu na hafifu. Pima upande wa makali na upande wa mgongo pia, kwa sababu visu vingine vina ukanda mwembamba tu wa pua ya kasi uliounganishwa na chuma laini.

Pua ya kasi haikatwi kwa msumeno wa mkono, wala tupa haiiwezi. Ikate kwa gurudumu jembamba la kusagia, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho. Wako wanaoikwaruza kisha kuivunja kwa nyundo. Sisi hatuipendi njia hiyo hata kidogo, maana vipande huruka kama vigae vya kioo. Unaponoa pua ya kaboni, ichovye majini mara kwa mara. Pua ya kasi iliyopata moto sana usiizamishe ghafula, isije ikapasuka. Iache ipoe hewani.

Visu hivi mara nyingi vina unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo havifai kwa kukereza kwa nguvu. Kazi yavyo ni kuchimba mifuo na kukata kipande kilichokwisha kukerezwa. Simamisha kisu kwa ubavu katika kishikizo imara, kitokeze kidogo tu. Chini ya makali ondoa digrii 6 hadi 8, na mbavu zipungue kidogo kuelekea nyuma, zisisugue. Ncha iwe sawasawa na kitovu cha kazi.

Kwa chuma laini, pua ya kasi huenda kiasi cha mita 25 kwa dakika: mti wa chuma wenye kipenyo cha milimita 30 utazunguka mara 265 hivi. Kwa kukata kipande, nusu ya mwendo huo yatosha, pamoja na mafuta.

Na patasi ya kaboni je? Tusimdharau mzee huyu. Juu ya shaba ya manjano, kwa mwendo wa polepole, hukubali makali mazuri sana na kuacha uso laini. Uso wake wa juu uwe tambarare, bila mteremko, kwa kuwa shaba hiyo hupenda kukivuta kisu ndani.