Kidole huteleza, ukurasa hufunuliwa

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili ameniuliza swali linalostahili nafasi katika safu hii. Msomaji wa kitabu kwenye kishikwambi anapopitisha kidole kutoka kulia hadi kushoto ili aone ukurasa unaofuata, amefanya nini kwa Kiswahili? Wenzake walimjibu papo hapo: "Si ameswaipu tu, Prof!"

Jibu la kivivu hilo. Vitenzi tunavyo tele. Kugusa ni tendo la mara moja. Kutelezesha ni kupitisha kidole juu ya kioo bila kukwama. Kuburuta hudai kitu kinachovutwa. Nao ndugu zetu wa Tanzania husema simu ya kupangusa, kana kwamba kioo kina vumbi. (Utani huo naupenda, lakini hauhusu kitabu.)

Kasoro ni kwamba vitenzi hivi humweleza mwenye kidole, haviuelezi ukurasa. Na mambo ya kidole hayatulii. Kindle ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na vitufe vya kubonyeza pembeni. Kindle Touch ya 2011 ikaviondoa: ukigusa sehemu kubwa ya kioo unakwenda mbele, ukigusa ukingo wa kushoto unarudi nyuma. Programu nyingine huteremsha matini yote mfululizo, mithili ya mkeka unaokunjuliwa.

Isitoshe, kushoto si mbele daima. Kitabu cha hati za Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, na programu inayofuata mwandiko huo hugeuza pia mwendo wa kidole. Hili si la Waarabu pekee. Tendi zetu kongwe, Utendi wa Tambuka ukiwemo, ziliandikwa kwa hati hizo hizo. Mwalimu akiwaambia wanafunzi "telezesheni kushoto", atawapeleka mbele katika riwaya ya Shaaban Robert na kuwarudisha nyuma katika kitabu cha hati za Kiarabu. Akisema "funueni ukurasa unaofuata", wote watafika, awe mtu ameshika karatasi, kitufe au kioo.

Kwa hiyo ninapendekeza telezesha ibaki katika maelezo ya namna ya kutumia kifaa. Somo likishaanza, tufunue kurasa. Na anayeruka huku na huku akitafuta mstari alioupoteza, huyo anapekua, kama kuku jaani.