Kabla ya Kufunga Chumba cha Kompyuta, Fungeni Tovuti

Kila muhula malalamiko ni yale yale. Mwanafunzi amekutwa akitazama picha chafu kwenye kompyuta ya shule, au vijana wa sekondari wamekutwa wakifuatilia mechi waliyoiwekea pesa. Wazazi wanakuja juu, mkutano unaitishwa, na pendekezo la kwanza huwa ni kufunga chumba cha kompyuta.

Mimi nina diploma ya kompyuta, na watu wa mtaani huniita mambo yakishaharibika, kwa hivyo mikutano ya aina hii nimeiketi si haba. Uchungu wa wazazi naufahamu, mimi pia nina watoto. Lakini ukifunga chumba kile unamkomoa mtoto asiye na kompyuta nyumbani, na yule mwenye simu mfukoni anaendelea kuyaona ayatakayo. Dawa ipo, sehemu kubwa yake ni ya bure, na mwalimu mwenye subira anaweza kuianza Jumamosi moja shule ikiwa tupu.

Kwanza ni akaunti. Kompyuta nyingi za shule nilizozikagua zina akaunti moja tu, nayo ni ya msimamizi. Mwanafunzi akiwasha mashine ana uwezo sawa na wa mwalimu: ataweka programu aitakayo, atabadilisha mipangilio na atafuta zuio lolote ulilolitia. Huko ni kufunga mlango na kuuacha ufunguo kwenye kitasa. Weka akaunti mbili. Ya msimamizi iwe na neno la siri linalojulikana na mwalimu wa kompyuta na mwalimu mkuu pekee. Ya wanafunzi iwe akaunti ya kawaida. Katika Windows, mwenye akaunti ya kawaida hawezi kubadilisha DNS ya kompyuta wala kugusa faili za mfumo bila neno la siri la msimamizi. Kisha weka neno la siri kwenye BIOS na uzuie kompyuta isiwake kutoka kwenye flashi, kwani anayewasha mashine kwa flashi yake huziruka akaunti zako zote.

Pili ni ruta. Kila tovuti ina jina tunalolijua sisi na namba inayojulikana na mashine. Ukiandika jina, kompyuta huuliza kwanza tovuti hiyo inakaa wapi, na anayejibu huitwa DNS. Ni kama kufika mtaa usioujua ukamuuliza muuza kahawa nyumba ya fulani. Akikataa kukuonyesha, utazunguka mpaka uchoke. Wako wajibuji wanaokataa kwa makusudi kuonyesha nyumba mbaya, tena bila malipo. Cloudflare walianzisha huduma yao ya familia mwaka 2020, na namba zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3. OpenDNS nao wana FamilyShield, namba 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Chagua mmoja, ingia kwenye mipangilio ya ruta ya shule, na uandike namba zake mahali pa DNS. Kompyuta na simu zinazochukua mipangilio yao kutoka kwenye ruta hiyo zote zitafuata. Ukimaliza, badilisha neno la siri la ruta, maana lile la kiwandani mara nyingi limeandikwa kwenye karatasi iliyogandishwa chini yake, na watoto wana macho.

Shule nyingi huishia hapo zikadhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Ile 1.1.1.3 huzuia tovuti za ngono na zile zenye programu haribifu. Kamari haimo, na kamari ndiyo inayokula vijana wetu. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria haikai ndani ya kompyuta. Tena DNS huliona jina la tovuti tu, haioni kilichomo ndani. Haiwezi kukuachia video ya hisabati YouTube na kukuzuilia video ya upuuzi iliyo ubavuni mwake.

Wengine hukimbilia faili la hosts lililo ndani ya Windows, wakaandika tovuti mbaya moja baada ya nyingine. Kwa tovuti mbili tatu inafaa. Kwa kamari utachoka wewe kabla hawajachoka wao, kwani kila jina lazima liandikwe peke yake, na majina mapya hayaishi kuzaliwa.

Ndiyo maana hatua ya tatu nadhani ndiyo kubwa kuliko zote: badala ya kuorodhesha mabaya, orodhesha mazuri. Kivinjari cha Chrome kina sera mbili ambazo msimamizi anaweza kuziweka, URLBlocklist na URLAllowlist. Katika ya kwanza unatia alama ya nyota, maana yake kila kitu kimefungwa. Katika ya pili unaandika tovuti zinazoruhusiwa. Edge ina sera za majina hayo hayo, basi ifanyie vivyo hivyo, na kivinjari kingine chochote ukiondoe. Hapo hapo zima dirisha la siri, zuia viongezo, ambavyo ndiyo njia rahisi ya kuingiza VPN, na uzime DNS ya kivinjari chenyewe, la sivyo kinaweza kumruka muuza kahawa wako na kwenda kuuliza kwingine. Ukitaka kuhakikisha, andika chrome://policy pale juu, na sera zote zilizoshika utaziona.

Orodha ya mazuri isiwe ndefu. Tovuti ishirini za masomo zinatosha kuanzia. Hifadhi ya masomo ya KICD iitwayo Kenya Education Cloud iwemo. Kuna pia programu ya bure, Kiwix, inayokuwezesha kuipakua Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo, ukaiweka ndani ya kompyuta ikasomwa bila intaneti. Bando likiisha katikati ya somo, darasa linaendelea, na hapana tovuti ya kuzuia kwa sababu hapana mtandao.

Lakini lazima kuwe na njia ya kuomba. Mwalimu wa sayansi akitaka ukurasa kuhusu mfumo wa uzazi na akaukuta umefungwa, atakasirika, na wa pili wake atataka zuio lote liondolewe. Weka daftari. Mwalimu anaandika tovuti aitakayo, anayeshika neno la siri anaitazama, anaifungua au anakataa na kueleza kwa nini. Daftari la shilingi hamsini limeokoa mazuio mengi kuliko programu za bei ghali.

Yapo yasiyozuilika kwa mashine. Mtoto anaweza kuja na kivinjari kwenye flashi, kisichohitaji kuwekwa ndani ya kompyuta. Ruta inaweza kumkamata kwa ngono, kwa kamari huenda isimkamate. Anaweza pia kuwasha hotspoti ya simu aliyoificha na kuiunganisha na kompyuta, na hapo ruta yako hata haimuoni. Kama kompyuta zinatumia waya, zima waifai yake kabisa. Kisha zipange meza ili skrini zote zimtazame mwalimu anaposimama nyuma ya darasa. Hilo halina gharama, na macho ya mwalimu hayana njia ya kurukwa.

Nawaonya pia kuhusu programu za kupeleleza zinazorekodi kila neno analoandika mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Shule ikitaka kuweka kumbukumbu za namna hiyo, mzazi aandikiwe, aelezwe kinachowekwa, kinakaa muda gani na nani anakiona. Kuzuia tovuti ni jambo moja, kumchunguza mwana wa mwenzio kwa siri ni jambo jingine.

Na watoto wenyewe waambiwe. Waelezwe nini kimefungwa na kwa nini, hasa kamari, jinsi inavyovuta kwa ushindi mdogo na kumaliza kwa hasara kubwa. Kufuli la shule linakomea kwenye geti. Akitoka nje, analobaki nalo ni lile lililomo kichwani.

Basi mzazi mwenzangu, ukiitwa mkutanoni na ukasikia chumba kifungwe, uliza maswali matatu kabla hujainua mkono. Mwanafunzi anaingia kwa akaunti ya aina gani? Neno la siri la ruta liko kwa nani? Na orodha ya tovuti zinazoruhusiwa iko wapi, tuione? Kama hakuna anayeweza kujibu, chumba hakina kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kukishughulikia, na mtu huyo mnaweza kumteua mkutanoni hapo hapo.