Noti za Uingereza za Wakati wa Vita

Huenda babu yako aliwahi kukuambia kuwa zamani shilingi 20 zilikuwa paundi moja. Hesabu hiyo ilitoka Uingereza. Huko wako watu wanaokusanya noti za zamani, kama wengine wanavyokusanya stempu. Noti za wakati wa vita wanazipenda sana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walitumia sarafu za dhahabu. Serikali iliitaka dhahabu hiyo kwa ajili ya vita. Siku 3 tu baada ya kuingia vitani, ikatoa noti ya paundi 1. Karatasi ya kutengenezea noti haikuwa tayari. Basi ikachapwa kwenye karatasi ya stempu! Ilikuwa na sahihi ya John Bradbury wa Hazina.

Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliogopa kuwa Wajerumani wataghushi fedha zao. Kwa hiyo mwaka 1940 Benki Kuu ya Uingereza ilibadili rangi. Noti ya paundi 1 ilikuwa ya kijani, ikawa ya buluu. Ya shilingi 10 ilikuwa nyekundu ya kahawia, ikawa ya zambarau. Tena ndani ya karatasi ukatiwa uzi mwembamba wa madini. Noti hizo zina sahihi ya Peppiatt, Keshia Mkuu wa benki.

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Wajerumani waliwaweka wafungwa Wayahudi katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, wakawalazimisha kughushi noti. Hawakugusa zile za rangi. Walighushi noti nyeupe za paundi 5, 10, 20 na 50, zilizochapwa upande mmoja tu kwa wino mweusi.

Kazi ilikuwa ngumu. Karatasi ya Waingereza ilitengenezwa kwa matambara. Wajerumani walipotumia kitambaa kipya, karatasi haikufanana. Wakachukua matambara yaliyokwisha tumika viwandani, wakayafua, ndipo ikafanana. Wafungwa walizikunja noti, wakazichafua kwa mikono na kuzitoboa kwa pini, kwa sababu makarani wa Uingereza walikuwa wakizishikiza noti kwa pini. Zilitengenezwa noti za thamani ya paundi zipatazo milioni 130. Mfungwa alijua kwamba kazi ikiisha, huenda na maisha yake yakaisha.

Benki Kuu ilishituka. Mwaka 1943 iliacha kutoa noti za paundi 10 na zaidi. Noti ya paundi 10 haikurudi mpaka mwaka 1964. Vita ilipokwisha, masanduku ya noti bandia yalikuwa yametupwa katika ziwa Toplitz, Austria. Wapiga mbizi walizitoa nyingine mwaka 1959. Siku hizi wakusanyaji hununua hata hizo za bandia.

Je, ukikuta noti ya Uingereza katika sanduku la marehemu babu? Iinue kwenye mwanga. Kama ni ya buluu ya paundi 1, utauona ule uzi. Usiifue. Usiipige pasi, wala usiitie gundi palipochanika, maana mkusanyaji hutazama kwanza hali ya karatasi. Iweke ndani ya kitabu, mbali na jua na mchwa. Benki Kuu ya Uingereza bado huzipokea noti zake zote za kweli, hata za zamani. Lakini kwa noti ya shilingi 10 itakupa peni 50 tu. Mkusanyaji anaweza kukupa zaidi, basi muulize kwanza.