Mwamba, Maji na Meno

Maji ya chemchemi nyingi za miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, ni maangavu na hayana harufu. Hata hivyo, watoto wengi wayanywao huota meno yenye madoa ya kahawia. Chanzo chake ni mwamba.

Meru ni volkano, na miamba yake ina madini yenye floridi. Mvua inyeshapo, sehemu ya maji hupenya ardhini, hupita polepole katika nyufa na majivu ya volkano, na kuyeyusha floridi hiyo. Kalsiamu huweza kuizuia isikolee. Lakini maji ya huko yana magadi mengi na kalsiamu kidogo.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa na kupinda. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yapungukapo kwa mvuke, ndipo inapozidi kukolea. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kuinasa.

Basi, kabla ya kuchimba kisima, yafaa mwamba ujulikane. Na kabla ya maji kunywewa, yapimwe.