Matakwa ya Kisheria na Kiusalama katika Kuandaa Mashindano ya Kulenga Visahani: Tathmini ya Eneo la Kariakoo na Mnazi Mmoja, Dar es Salaam

Utangulizi

Ulengaji wa visahani ni mchezo ambamo mashine hurusha hewani kisahani chepesi, nacho hupigwa kwa bunduki ya marisau, yaani chembe ndogo za risasi, kabla hakijaanguka. Kisahani cha mashindano ya kimataifa kina kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Makala hii inafafanua matakwa ambayo mwandaaji wa mashindano hayo hana budi kuyatimiza nchini Tanzania, kisha inayapima katika eneo mahususi: Kariakoo na viwanja jirani vya Mnazi Mmoja. Hoja kuu ni kwamba vibali na ardhi ni masharti mawili tofauti, na ukamilifu wa vibali haufidii upungufu wa ardhi.

Matakwa ya kisheria

Sheria ya msingi ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Kwa kuwa umiliki wa silaha hutegemea leseni, mwandaaji anapaswa kukagua leseni ya kila mshiriki na kuilinganisha na bunduki aliyoileta. Asichukulie kwamba bunduki ya mmoja yaweza kupokezanwa na wageni wasio na leseni.

Pili, kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinamtaka anayeandaa mkusanyiko mahali pa umma kumpa ofisa wa polisi anayesimamia eneo hilo taarifa ya maandishi, saa zisizopungua 48 kabla ya mkusanyiko. Taarifa hiyo hutaja mahali, muda na madhumuni. Ifahamike kwamba taarifa hii inahusu mkusanyiko. Haikigeuzi kiwanja cha wazi kuwa uwanja wa kufyatulia risasi.

Tatu, shughuli za michezo husimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Nne, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaadhibu vitendo vya uzembe vinavyohatarisha maisha ya watu. Kwa hiyo, hata mwenye vibali vyote anaweza kushtakiwa iwapo amechagua mahali pa hatari.

Matakwa ya usalama

Marisau yasiyozidi milimita 2.6 huweza kusafiri takriban mita 200. Mwongozo unaotumika sana Uingereza hutenga mita 275 mbele ya mlengaji, tofauti ikiwa ni akiba ya usalama. Aidha, visahani hurushwa kwa pembe zinazobadilika, hadi nyuzi 45 kulia au kushoto. Kwa sababu hiyo, eneo la hatari huwa umbo la kipande cha duara. Kwa pembe ya nyuzi 90 na nusu kipenyo cha mita 275, ukubwa wake ni mita za mraba 59,400 hivi, takriban hekta 6, ambazo lazima ziwe tupu muda wote wa ufyatuaji.

Ndani ya uwanja, bunduki hubebwa ikiwa imefunguliwa na mitutu ikiwa tupu; hujazwa risasi katika kituo cha kufyatulia pekee, kwa amri ya msimamizi mmoja. Washiriki na watazamaji huvaa miwani ya kinga na vizuia sauti vya masikioni. Mtoa huduma ya kwanza na gari la kumpeleka majeruhi hospitali huwapo kabla ya risasi ya kwanza.

Upimaji wa eneo

Kariakoo haina hekta 6 tupu. Mitaa kama Msimbazi, Kongo na Mkunguni hujaa wachuuzi, wapita njia na majengo ya ghorofa. Mnazi Mmoja ni pa wazi, lakini pamezungukwa na barabara za Lumumba na Bibi Titi Mohamed, zenye magari na watembea kwa miguu. Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, nafasi ni kubwa zaidi, ila pana tatizo jingine. Washiriki 40, kila mmoja akifyatua mara 25 kwa risasi zenye gramu 24 za marisau, huacha ardhini kilo 24 za madini ya risasi, ambayo ni sumu, katika bonde linalofurika mara kwa mara.

Jiji hili lina kumbukumbu chungu kuhusu umbali. Milipuko ya maghala ya silaha ya jeshi, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, iliua watu katika makazi. Kiwango cha hatari hakilinganishwi na cha mchezo huu, lakini kanuni ni ileile: asiyeshiriki shughuli hana namna ya kujikinga nayo isipokuwa kwa kuwa mbali nayo.

Hitimisho

Mpangilio sahihi wa hatua ni kupima ardhi kwanza, kupata ridhaa ya mwenye ardhi, kisha kuomba vibali. Kwa Kariakoo na Mnazi Mmoja, kipimo hicho hakitimii. Mashindano ya risasi halisi yapelekwe nje ya jiji. Kinachoweza kufanyika katikati ya jiji ni maonyesho ya bunduki za mwanga, ambazo hulenga visahani vya plastiki bila kutoa risasi. Hapo ndipo taarifa ya saa 48 kwa polisi hubaki kushughulikia jambo lililokusudiwa, yaani mkusanyiko wa watu.