Paa wa Maulidi na Neno la Wasasi

Mfungo Sita uliopita, asubuhi ya siku ya Maulidi, kijana mmoja wa kijiji chetu kusini mwa Unguja alitufikia nyuma ya msikiti akiwa na gunia begani. Kina mama walikuwa wakichambua mchele wa pilau, nasi wanakamati tulikuwa tukihesabu masufuria. Kijana akafungua gunia, akatoa paa wawili waliokwisha chinjwa, akasema kwa furaha iliyomjaa usoni: "Hii ndiyo sadaka yangu ya Maulidi." Tukamshukuru, tukamwombea dua.

Mzee mmoja, msasi tangu ujana wake, akainama na kugeuza shingo ya paa mmoja. Karibu na jeraha la kisu palikuwa na alama nyembamba iliyoizunguka shingo yote. Kisha akatuonyesha mkanda mweupe wa makalioni na madoa meupe ya miguuni. "Huyu ni paa nunga," akasema, "na waya ndio uliomuua, si kisu."

Hapo yakazuka maswali mawili, na kamati nzima ikajikuta imesimama juani ikiyajibu mbele ya watu.

Swali la kwanza lilikuwa la fiqhi. Aya ya 3 ya Sura Al-Maida imemtaja mnyama aliyenyongeka, na aliyekufa kwa kupigwa, miongoni mwa walioharamishwa, isipokuwa yule aliyewahiwa kuchinjwa angali hai. Tukamwuliza kijana: ulipomkuta kitanzini alikuwa hai? Akajibu kuwa alikuwa na joto na damu ilitoka. Alitikisika? Hakuwa na hakika. Lakini joto si uhai, na damu huweza kumtoka hata mnyama aliyekwisha kufa. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba penye shaka ya namna hiyo nyama hubaki katika uharamu mpaka uthibitike uhalali wa kuchinjwa kwake. Nunga yule akazikwa nyuma ya uwanja.

Swali la pili lilimhusu paa wa pili, aliyekamatwa hai na kuchinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, ila aliyemwinda hakuwa na kibali. Mfano wake ni mtu aliyechinja kuku wake kwa kisu cha wizi: nyama ni halali, mkono una dhambi. Sheria iliyowekwa kwa maslahi ya watu wote, isiyoamrisha maasi, ni wajibu wa Muislamu kuitii. Tukaona si adabu kuipika Maulidini nyama iliyopatikana kwa njia hiyo, tukamrudishia.

Kijana aliokota gunia lake akaondoka kimya. Mama yake, aliyekuwa kati ya wale wachambuao mchele, akaweka ungo chini akamfuata. Hatukumuona yeyote kati yao wakati wa kisomo.

Tunaamini hukumu yetu ilikuwa sahihi. Mahali tulipoitolea hapakuwa sahihi. Mtu aliyekuja na sadaka hafai kuhojiwa mbele ya majirani zake kama mwizi. Baada ya Maghribi tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Mama yake alitukaribisha, akatupa kahawa, na neno alilotuambia halijatutoka: "Masheikh zangu, mmemuuliza waya ulimkamata vipi paa. Hamkumuuliza kwa nini yeye ameushika waya."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuwaite wasasi wa kijiji barazani baada ya Isha, wazee kwa vijana, tuwasikilize kabla ya kuwahutubia. Waliyoyasema tunayaandika hapa kwa sababu tunadhani vijiji vingi vinavyopakana na misitu vina mazungumzo kama haya, ila hufanyika kwa minong'ono.

Wazee walianza na wavu. Zamani, walisema, usasi ulikuwa kazi ya watu wengi, wenye mbwa na nyavu, chini ya msasi mkuu aliyejua upande gani wa msitu uliingiwa lini. Upande ulioingiwa uliachwa upumzike. Paa akiingia wavuni hukamatwa hai, na mkono ndio unaoamua: huyu achinjwe, huyu ana mimba aachiwe. "Wavu unakupa nafasi ya kufikiri," alisema mmoja wao. "Waya hauna macho, hauna huruma, wala hauendi kulala." Kitanzi humnyonga jike, dume na mtoto sawasawa, na aliyekitega akiugua siku mbili, windo huoza bila ya kumfaa yeyote.

Malalamiko yao makubwa ni kwamba sheria iliwajia ikiwa karatasi ubaoni. Hakuna aliyewauliza paa huzalia wapi. Hata ile kanuni nyepesi inayosemwa mara kwa mara, ya kuwaacha majike na kuwinda madume, waliipokea kwa tabasamu. Nunga jike naye huota pembe fupi kama dume, na anayepiga bunduki usiku haoni ila macho mawili yanayong'aa. Kanuni hiyo, walisema, inatekelezeka kwa mwenye wavu peke yake.

Vijana walikuwa wakali zaidi. Mmoja alisema sheria inamuona msasi lakini haioni shoka. Maweni yanakatwa kuni, yanachomwa makaa na chokaa, na paa akikosa kichaka hafi kwa waya wala kwa wavu, hufa kwa kukosa pa kujificha. Mwingine akasema kuna wanaokuja usiku kwa gari, na bunduki na kurunzi, wakaondoka kabla ya alfajiri. "Mwenye wavu hupelekwa mahakamani, mwenye gari hurudi kwake," alisema. Wa tatu akazungumzia shamba: kunde na majani ya viazi yakiliwa usiku, hakuna ofisi inayomlipa mkulima, na ndipo waya wa kwanza hutegwa, pembeni mwa shamba. Ukishanasa kitoweo mara moja, wa pili hutegwa msituni. Kijana wetu wa Maulidi alikuwa amekaa mwisho wa baraza. Hakusema kitu, ila hapo aliinamisha kichwa.

Nasi tulipopewa nafasi tuliwawekea yanayojulikana. Paa nunga hapatikani duniani ila Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya: Arabuko-Sokoke, Boni na Dodori. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1918, kwa kumbukumbu ya Aders, mtaalamu aliyeitumikia serikali ya Zanzibar wakati huo. Makadirio ya mwaka 1983 yaliwahesabu nunga wa Unguja kuwa kama 5,000. Yale ya 1999 yaliwaweka karibu na 600. Baadhi yao walihamishiwa visiwa vya Chumbe na Mnemba ili wasipotee kabisa. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa hifadhi ya taifa. Na nunga si sungura: jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi, na huokota maua, majani na matunda yanayoangushwa na kima juu ya miti. Kwa mnyama wa namna hiyo, vitanzi vichache katika kichaka kimoja vyatosha kukifanya kichaka hicho kitupu kwa miaka.

Si wote walioyakubali. Kijana mmoja alisema waliohesabu hawakutembea nao, kwa hiyo atajuaje kama walifika walikojificha paa? Yule mzee aliyeigeuza shingo ya nunga siku ya Maulidi ndiye aliyemjibu. "Mimi sina haja na hesabu yao," alisema. "Nilipokuwa na umri wako tulikuwa hatuhesabu nunga kwa wingi wao. Mwaka huu wote nimeona nyayo zake mara tatu. Unataka hesabu gani tena, mwanangu?" Barazani pakawa kimya.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu watufuate kwa makini, kwani katika masuala ya uwindaji Muislamu hakuachwa bila ya mwongozo. Wengi wetu hudhani kuwa mipaka ya uwindaji ni jambo la wageni na miradi yao. Rejeeni Sura Al-Maida. Katika aya ya 94 waumini wameelezwa kuwa watajaribiwa kwa mawindo yaliyo karibu na mikono yao na mikuki yao, ili adhihirike anayemcha Mola wake kwa ghaibu. Huo ni mtihani wa mtu aliye peke yake msituni, pasi na askari wala bwana misitu. Uwindaji una wakati uliofungwa, nao ni hali ya ihramu. Una mahali palipofungwa, napo ni eneo takatifu la Makka, na Mtume (rehema na amani zimshukie) akaipa Madina mipaka yake pia. Una chombo kilichowekewa masharti: katika Hadithi ya Adiy bin Hatim, mbwa lazima awe amefundishwa, atumwe kwa jina la Mwenyezi Mungu, na akila katika windo basi msasi asile, kwani mbwa amejiwindia mwenyewe. Wakati, mahali na chombo: hayo matatu ndiyo sheria zote za uwindaji duniani zinayoyazungukia.

Tena kuna jambo la nne, ambalo kwetu lilikuwa zito kuliko yote usiku ule. Aya ya 95 inasema kuwa aliyeua windo kwa makusudi hali yumo katika ihramu atatoa mnyama wa kufugwa anayelingana naye, na ulinganifu huo utaamuliwa na watu wawili waadilifu miongoni mwa Waislamu wenyewe. Fikirini maana yake. Ili mtu aamue mnyama gani analingana na swala, hana budi awajue swala. Uadilifu pekee hautoshi bila ya ujuzi, na ujuzi pekee hautoshi bila ya uadilifu. Sheria ya Mwenyezi Mungu ilitarajia kwamba watu wa aina hiyo wangepatikana ndani ya jamii. Sheria zetu za leo zinamtafuta mtaalamu, nasi tunamheshimu. Ila mara nyingi zinamsahau shahidi wa pili, yule aliyekulia msituni.

Na tukisema kweli, nasi wasomi wa dini tumemsahau. Ni mara ngapi tumefundisha darasa la twahara na uchinjaji bila ya kutaja kitanzi cha waya? Msasi anajua kuwa najisi ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini kwamba paa aliyenyongwa na waya kabla ya kuwahiwa ni mfu, na kwamba paa aliyekufa kwa kipigo cha rungu kabla ya kisu naye hafai, wangapi wameyasikia mimbarini? Tungelifundisha fiqhi ya uwindaji kama tunavyofundisha fiqhi ya swaumu, nusu ya vitanzi vya kijiji chetu pengine visingetegwa.

Jambo hili lina mfano Zanzibar kwetu. Kisiwa cha Misali, Pemba, kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, na wavuvi wake wakafundishwa uhifadhi kwa njia ya Qur'ani, kwa lugha ya amana na uwakilishi wa mwanadamu katika ardhi. Nako Unguja na Pemba ulikuwapo mradi wa misitu ya jamii uliojulikana kwa jina la HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili. Na wanaosoma fiqhi wanajua kuwa hima ni jina la kale la malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ummah. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996, nayo, imefungua mlango wa makubaliano baina ya serikali na jamii. Kwa hiyo mlango upo. Kinachohitajika ni wasasi waingizwe, wasiachwe nje wakichungulia dirishani.

Usiku ule tulikubaliana mambo manne, tutakayoyapeleka kwa sheha na kwa wahusika wa misitu: vitanzi vya waya viondolewe kabisa, paa nunga asiguswe na yeyote, na akiingia wavuni aachiwe, kila mwaka upande mmoja wa msitu upumzike kama ilivyokuwa desturi, na hesabu ya paa ikifanywa tena, wasasi wawili wanaoaminika watembee na wataalamu. Jambo moja hatukukubaliana. Vijana walitaka kwanza wenye bunduki na magari wazuiwe, ndipo nao waweke nyaya chini. Wazee walisema aliyeanza kuacha ovu hangoji mwenzake. Tuliliacha hapo, kwani usiku ulikuwa umekwenda.

Siku chache baadaye, kijana wa Maulidi alifika msikitini kabla ya Alasiri. Aliweka mezani nyaya zilizokunjwa, nyingi kuliko tulivyotarajia. "Zilizobaki nitazitafuta," akasema, "nyingine nimesahau nilikozitega." Tulizipokea faragha, mlango ukiwa umefungwa. Tangu hapo yule mzee huingia naye msituni, wakifuata njia zake za zamani, wakitafuta vitanzi ambavyo bado vimetegwa.

Tunaziomba kamati za misikiti iliyo jirani na misitu ziwaite wasasi wao barazani, ziwafundishe, na ziwasikilize. Na anayehitaji kurekebishwa arekebishwe kwa siri. Maulidi ijayo, inshaallah, tutapika pilau ya ng'ombe, na tumekwisha mwomba mama yule asimamie upishi. Amekubali.

Wabillahi tawfiq.