Kijana na Seva Yake: Faida ya Kweli Ni Ipi?

Vijana wetu wa Handeni na Korogwe wameingia katika biashara ambayo wazazi wengi hawaioni wala hawaishiki. Haina duka, haina gunia, haina mzani. Kijana ana kompyuta ya mkononi, simu, na meza katika kona ya steshenari ya nduguye pale Manundu au Chanika, naye husema kwamba anahifadhi tovuti za watu: za shule, za zahanati, za nyumba za wageni, za wanunuzi wa mazao, na za misikiti na madrasa pia. Ukimuuliza faida yake ni kiasi gani, hujibu kwa furaha kuwa ni nusu kwa nusu. Sisi tunaoandika haya tumekaa na hesabu za namna hiyo, kwa kuwa kamati yetu nayo ni mteja wa huduma hii, na tumeona kwamba hiyo nusu aghalabu haipo.

Wazazi wa Handeni wataielewa kazi hii kwa mfano wa maji. Bomba kuu la HTM huyatoa maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyafikisha Handeni, na maji yakiadimika mwenye tangi huwauzia jirani zake kwa ndoo na madumu. Hakuchimba mto wala hakulaza bomba. Amenunua kwa wingi akauza kidogo kidogo, na pato lake limo katika tofauti ya bei na katika uaminifu wa tangi lake. Kijana wa tovuti ni kama huyo. Mahali fulani, iwe Dar es Salaam, Ujerumani au Marekani, iko kompyuta kubwa isiyozimwa usiku wala mchana, nayo huitwa seva. Kijana huikodi kwa mwezi, huigawa vipande, na kila kipande humpangisha mteja mmoja kwa mwaka. Pamoja na hayo humsajilia mteja jina la tovuti lenye kuishia na .co.tz, .or.tz au .sc.tz kupitia msajili aliyeidhinishwa, kwa kuwa majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA. Kwa lugha ya fiqhi hii ni ijara: kinachouzwa ni manufaa kwa muda maalumu, si kitu chenyewe.

Tuchukue mfano wenye tarakimu. Kijana ana wateja 40, kila mmoja hulipa shilingi 120,000 kwa mwaka, hivyo mauzo ni 4,800,000. Majina ya tovuti yanamgharimu 20,000 kwa kila mteja, jumla 800,000. Seva ni dola 40 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni 1,200,000 kwa mwaka. Programu ya kuendeshea seva na mahali pa kuweka nakala za akiba ni dola 15 kwa mwezi, sawa na 450,000. Akizitoa hizo tatu anabakiwa na 2,350,000, yaani asilimia 49 ya mauzo. Hapa ndipo anaposimama na kusema nusu kwa nusu.

Lakini hesabu haijaisha. Vifurushi vya intaneti na simu, 360,000. Makato ya kutuma na kupokea fedha, 90,000. Leseni na kodi, tuseme 300,000. Zimebaki 1,600,000, theluthi moja ya mauzo. Kisha kuna jambo ambalo karibu kila kijana hulisahau, nalo ni jasho lake mwenyewe. Mteja hupiga simu saa tatu usiku kwamba barua pepe haziingii; tovuti ya shule huvamiwa na wahuni wa mtandaoni siku moja kabla ya matokeo. Kwa saa 10 tu za kazi kwa wiki, mwaka una saa 520. Tukizilipa 2,500 kila moja, ujira mdogo kwa fundi mwenye ujuzi, ni 1,300,000. Faida ya biashara yenyewe, baada ya mwenyewe kulipwa kama mfanyakazi, ni 300,000: asilimia sita na kidogo.

Atasema mtu kwamba ujira huo si gharama kwa kuwa unaingia mfukoni mwake. Ni kweli unaingia mfukoni mwake, ila ni malipo ya kazi, wala si pato la mtaji. Siku akiugua, au akipata ajira Tanga mjini akataka kumwachia mdogo wake kazi, mdogo huyo atapaswa kulipwa, na hapo ndipo itajulikana kama palikuwa na biashara au palikuwa na kibarua.

Asilimia hiyo sita haihimili tikisiko lolote. Gharama mbili ni za dola, dola 660 kwa mwaka. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kufikia katikati ya mwaka 2024 ilikwisha kupita 2,600. Katika mfano wetu, dola ikipanda kutoka 2,500 hadi 2,700, shilingi 132,000 zinaondoka, nazo ni zaidi ya theluthi moja ya faida yote, na mteja wa Sindeni hajui wala hakuongezewa bei. Bei ya programu nayo hupanda bila hodi. Mwaka 2019 kampuni ya cPanel, ambayo programu yake hutumiwa na wauzaji wengi wa nafasi za tovuti duniani, iliacha kutoza ada moja kwa seva na kuanza kutoza kwa idadi ya wateja waliomo ndani yake, na wauzaji wadogo waliojaza seva moja wakaona ankara zao zinavimba. Tena wakiwapo wateja wanne tu wasiolipa kati ya wale 40, ni shilingi 480,000, na kijana yuko katika hasara ilhali bado anajiona mfanyabiashara.

Basi kiasi gani kinafaa? Kwa maoni yetu, faida ya kabla ya gharama za ofisi na ujira isipungue nusu ya mauzo, na faida ya mwisho, baada ya kila kitu pamoja na ujira wa mwenyewe, ikaribie humusi moja, yaani asilimia 20. Chini ya hapo hakuna pa kutoa akiba ya seva kuharibika au dola kupanda. Baadhi ya ndugu zetu huona haya kutaja faida ya namna hii, kana kwamba Muislamu mwema ni yule auzaye kwa bei ya chini kuliko wote. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja amnunulie kondoo, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume alimwombea baraka. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na wanazuoni wameitolea hoja kwamba sharia haikuiwekea faida kikomo cha asilimia.

Kilichozuiwa ni njia, na katika biashara hii njia mbovu ni nyingi. Mtume alikataza watu kuwalaki njiani wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Mwalimu mkuu wa shule ya kijijini ni kama mwenye msafara yule, kwani hajui jina la .sc.tz linagharimu kiasi gani wala kama seva inakodiwa. Kumtoza mara kumi kwa sababu hajui si werevu wa biashara. Kisha kuna neno "bila kikomo". Nafasi bila kikomo, barua pepe bila kikomo. Hakuna seva isiyo na kikomo, kama vile hakuna tangi lisilo na kitako. Mwenye tangi la nyumba kumi huweza kuahidi nyumba arobaini kwa tamaa kwamba hawatachota pamoja, na siku wakichota pamoja wote wanakosa. Kuuza ziada kidogo, kwa kipimo na huku ukiangalia matumizi, ni desturi ya kazi na haina ubaya. Kuahidi usichonacho ni gharari.

Njia ya tatu ndiyo iliyotuumiza. Tovuti ya madrasa yetu ilitoweka siku moja, pamoja na picha za mahafali na orodha za wafadhili. Aliyekuwa akiihifadhi, ambaye hatumtaji, alipokea ada za mwaka kutoka kwa wateja wake mwanzoni mwa mwaka akazitumia kwa mambo mengine. Ilipofika miezi ya mwisho hakuwa na cha kulipia seva, nayo ikafungwa. Tulipotaka kuanza upya kwingine, tukakuta jina lenyewe la tovuti alilisajili kwa jina lake, si kwa jina la madrasa. Hapa pana somo la hesabu kabla ya kuwa la tabia. Ada ya mwaka ikiingia Januari, kijana hajapata faida bado. Amepata deni la miezi kumi na miwili ya huduma. Aitenge, na kila mwezi ajitolee sehemu moja ya kumi na mbili. Na jina la tovuti liandikwe kwa mteja siku ya kwanza. Mali ya mtu haishikwi rehani bila yeye kujua.

Kuna anayekimbilia faida nyepesi kwa kuhifadhi tovuti za kubeti. Huyu hatuna la kumwambia ambalo halijasemwa kwenye mimbari.

Turudi kwa kijana wa mfano wetu, mwenye asilimia sita. Akipandisha ada kutoka 120,000 hadi 160,000, na kwa sababu hiyo wateja watano wakaondoka, mauzo ya 35 waliobaki ni 5,600,000. Gharama zote, pamoja na ujira wake, zinashuka hadi 4,400,000 kwa kuwa majina matano hayalipiwi tena. Faida ni 1,200,000, asilimia 21, mara nne ya ile ya kwanza na kwa kazi pungufu. Lakini 40,000 aliyoongeza lazima aifanyie kitu kinachoonekana: nakala ya akiba kila usiku, iliyowekwa mahali pengine mbali na seva, na kuijaribu mara kwa mara kama inafunguka.

Njia nyingine ni ushirika, nayo tunaipenda zaidi. Seva moja inayobeba wateja 40 wa Korogwe aghalabu hubeba na 40 wa Handeni. Vijana wawili wakiikodi pamoja, kila mmoja anaokoa 600,000 katika mfano wetu, na mmoja akisafiri mwenziwe anapokea simu za usiku. Mkataba uandikwe: faida wagawane kwa wanavyokubaliana, hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Wakiungana wataweza pia kufikiria seva iliyo Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari na intaneti ikawa ya tabu nchini kwa siku kadhaa; tovuti iliyo ndani ya nchi haihitaji kuvuka bahari ili mtu wa Mombo aifungue. Wapige hesabu ya VAT katika ankara hiyo, kwa kuwa biashara ndogo isiyosajiliwa na VAT hairudishiwi.

Ama zaka, seva iliyokodiwa na kompyuta ya kazi hazimo. Fedha iliyopo mkononi, ikitimiza nisabu ya thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Kuhusu ada zilizolipwa ambazo huduma yake bado haijatolewa, kijana aende na daftari lake kwa sheikh wake, miezi ikiwa imeandikwa wazi.